Kulihoji wazo linalouma kwa kalamu na karatasi

Wazo linalouma huwa fupi. Ukiliandika, mara nyingi halizidi maneno matano: "Hanijali." "Nimeshachelewa maishani." "Walinitumia tu." Lakini kichwani linatosha kukunyima usingizi usiku kucha, kwa sababu huko halitulii mahali pamoja. Ukilijibu kwa hoja linageuka kumbukumbu. Ukiishika kumbukumbu linageuka swali. Ukilijibu swali linarudi lilivyokuwa mwanzo na safari inaanza upya. Karatasi inalisimamisha.

Mwongozo huu unahusu kulisimamisha hivyo na kulihoji. Maswali yenyewe ni machache na mepesi. Wanaoshindwa kazi hii kwa kawaida wanashindwa kabla hata ya kuyafikia maswali, wakati wa kuandika sentensi. Sentensi ikikaa vibaya, maswali hayana pa kushika. Ndiyo maana hapa chini sentensi imepewa nafasi kubwa, na maswali mengine yanapita haraka.

Njia hii imetoka wapi

Wazo la msingi ni la kale. Epictetus, mwanafalsafa aliyeanza maisha akiwa mtumwa katika dola ya Kirumi, alifundisha kwamba kinachomsumbua mtu ni hukumu aliyolitolea jambo, wala si jambo lenyewe. Miaka ya 1960 daktari wa akili wa Marekani, Aaron Beck, alitambua kuwa wagonjwa wake wa sonona walikuwa na mawazo mafupi yaliyopita haraka mno, kiasi kwamba wenyewe hawakuyaona kama mawazo. Waliyaona kama hali halisi. Tiba aliyoijenga iliwafundisha kuyanasa, kuyaandika kwenye safu na kuyapima kwa ushahidi. Baadaye Byron Katie, Mmarekani pia lakini asiye daktari, akaeneza utaratibu wa kuliuliza wazo maswali manne kisha kuigeuza sentensi yake kinyume.

Hatua zilizo hapa zinachukua safu na ushahidi kutoka upande mmoja, na kugeuza sentensi kutoka upande wa pili. Kila upande una pengo ambalo mwenzake analiziba. Ushahidi peke yake unaweza kukufanya uwe wakili hodari wa kesi ileile uliyokuja nayo. Kugeuza peke yake kunaweza kukuangukia kama lawama.

Kazi hii isichanganywe na kuandika ili kutoa ya moyoni. Hilo nalo lina faida yake: mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake walichapisha jaribio ambalo wanafunzi waliandika kuhusu mambo mazito ya maisha yao kwa dakika 15, siku nne mfululizo, na kuanzia hapo uandishi wa namna hiyo umechunguzwa mara nyingi. Ila kutoa ya moyoni hakuhoji kitu. Hapa kutoa ya moyoni ni dakika tano za mwanzo tu.

Vifaa na wakati

Karatasi mbili kwa wazo moja, kalamu ya wino, saa. Wino ni kwa sababu penseli inakaribisha kufuta, na sentensi unayotaka kuifuta mara nyingi ndiyo yenyewe. Simu inafaa kwa shida tu, ikiwa umezima mtandao; ujumbe mmoja ukiingia katikati ya swali la pili, kikao kimekwisha hata kama hujui.

Mara ya kwanza tenga dakika 40. Ukizoea, 20 hadi 25 zinatosha. Usivuke saa moja kwa wazo moja: baada ya hapo unakuwa unazunguka palepale, ila safari hii kwa maandishi.

Usiandike hasira ikiwa imepamba moto. Kama moyo unadunda na mikono inatetemeka, tembea au fanya kazi ya mikono kwa dakika 20 hivi kwanza, kwa sababu katika hali hiyo kila jibu litakuwa "ndiyo, ni kweli, na zaidi ya hapo". Usiandike pia ukiwa kitandani tayari kulala. Saa za jioni kabla ya chakula, au asubuhi kabla ya shughuli, ni bora zaidi.

Amua mapema kwamba karatasi hii hataisoma mtu. Ukihofia itasomwa, utaandika kwa adabu, na adabu inaiua kazi hii. Ukimaliza unaweza kuichana.

Usianzie hapa

Kwa wiki mbili za kwanza chagua wazo la uzito wa kati: ugomvi na mtu, maneno ya bosi, rafiki aliyekukatia mawasiliano. Msiba wa karibuni, ukatili uliotendewa, mambo ya utotoni yanayokurudia kama yanatokea sasa, hayo yasiwe mazoezi ya kujifunzia, na ni afadhali ukayafanya ukiwa na mshauri nasaha au mtaalamu wa afya ya akili pembeni. Anayeona picha za zamani zikimvamia akiwa anaandika aache mara moja, asimame, ataje kwa sauti vitu vitano anavyoviona chumbani.

Kama kuna wazo la kujidhuru au kujiua, kalamu hii si yake. Mwambie mtu leo, nenda kituo cha afya leo.

Na kama bado unaishi na mtu anayekupiga au kukutisha, "ananiumiza" hapo ni taarifa. Taarifa haihojiwi, inatafutiwa usalama.

Hatua ya 1: Mwaga, dakika tano

Weka saa. Andika yote yanayokuja kuhusu jambo hilo, bila nukta wala mpangilio, kwa lugha ileile unayoitumia ukiwa umekasirika na hakuna anayekusikia. Ukijikuta umeandika "sikuridhishwa na namna mawasiliano yalivyofanyika", umeshaanza barua ya ofisini. Rudi nyuma. Andika "kanifanya mjinga".

Lawama ziwaelekee wengine kama ndivyo zinavyokuja. Watu wapole hukimbilia kujilaumu wenyewe mapema ili waonekane wamekomaa, kisha hawapati kitu cha kuhoji, maana walichoandika si wanachokiamini.

Saa ikilia, soma ulichoandika polepole na pigia mstari kila mahali mwili unapoitika: koo kukaza, tumbo kujikunja, uso kupata joto. Utapata mistari mitatu hadi sita. Chagua mmoja.

Hatua ya 2: Chuja sentensi

Hapa ndipo pa kukaa. Tuchukue mfano mmoja tuende nao hadi mwisho: mtu amesikia kwa jirani kwamba mdogo wake wa kiume amehama nyumba wiki tatu zilizopita, na yeye kama kaka mkubwa hakuambiwa. Katika kumwaga kwake ameandika, miongoni mwa mengine: "Kwa nini mimi niwe wa mwisho kujua? Najisikia vibaya sana. Alihama bila kuniambia, na siku zote yuko hivyo kwa sababu tangu apate kazi amebadilika."

Hakuna hata sentensi moja hapo inayofaa kuhojiwa, na sababu za kila moja ni tofauti.

"Kwa nini mimi niwe wa mwisho kujua?" ni swali. Swali haliwezi kuwa kweli au uongo, kwa hiyo halihojiki. Lakini swali la uchungu daima limeficha kauli. Jibu swali lako mwenyewe, jibu baya kabisa unalolihofia, na hilo ndilo uliandike: "Kwa sababu haoni kama mimi ni wa kuambiwa."

"Najisikia vibaya sana" ni hisia. Hisia ipo au haipo. Ukiihoji unajibishana na homa. Jiulize: ninaamini nini hadi nijisikie hivi?

Katika "alihama bila kuniambia" tatizo ni jingine kabisa, maana hilo ni tukio. Kama lilitokea, basi lilitokea. Ukilipeleka kwenye maswali utajibu "ndiyo, kweli, kwa hakika", utafunga daftari na kusema njia haifanyi kazi. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Kinachohojiwa ni maana uliyolivisha tukio.

Na "siku zote yuko hivyo kwa sababu tangu apate kazi amebadilika" ni sentensi tatu zilizofungwa kamba moja. Kila unapokutana na "kwa sababu", "na", "ndiyo maana", kata. Utakapouliza "ni kweli?" huwezi kujua jibu lako linahusu kipande kipi.

Ili kupata sentensi yenyewe, anza na tukio kisha uchimbe kwa swali moja linalojirudia: *Na kama ni hivyo, maana yake nini kwangu?* Kila jibu liwe mstari mmoja.

Alihama bila kuniambia.
Maana yake? Aliwaambia wengine, mimi akaniruka.
Maana yake? Haoni kama mimi ni mtu wa kuambiwa.
Maana yake? Ananidharau.
Maana yake? Mimi si kitu katika familia hii.

Kwa kawaida mistari mitatu hadi mitano inatosha. Utajua umefika mwili unaposhtuka kidogo, au majibu yanapoanza kujirudia kwa maneno mengine. Hapa kuna mtego: mstari wa mwisho kabisa, "mimi si kitu", unaonekana ndio mzizi, na mtu hutamani kuushika. Usianze nao. Ni mpana mno, hauna mtu wala tendo, na ushahidi wake umetawanyika miaka arobaini. Panda ngazi moja juu: "Mdogo wangu ananidharau." Hiyo ina mtu, ina kitenzi, ina mahali ilipotokea. Ule wa chini uuandike pembeni. Ukihoji sentensi tano au sita za ngazi ya juu yake utauona unalegea wenyewe, au siku moja utakuwa tayari kuukabili.

Iandike sentensi uliyoipata juu ya karatasi ya pili, peke yake, kwa herufi kubwa kidogo. Isome kwa sauti. Kama haiumi ukiisoma, siyo yenyewe. Rudi kwenye kumwaga.

Hatua ya 3: Pima

Chini yake andika namba mbili, kila moja kati ya 0 na 100. Ya kwanza: naiamini kiasi gani sasa hivi? Ya pili: inauma kiasi gani? Kando ya namba ya pili taja hisia kwa neno moja: hasira, aibu, huzuni, woga, wivu. "Vibaya" si jina la hisia.

Mfano wetu: naamini 85, hasira 70. Kama kuiamini kuko chini ya 40 tafuta sentensi nyingine, kwa sababu hiyo huiamini vya kutosha hata ikusumbue. Kuna nyingine nyuma yake.

Hatua ya 4: Kamera

Andika mistari mitatu au minne ya kile ambacho kamera ingekinasa. Kamera haioni dharau, haisikii kebehi, haijui "makusudi". Inaona mtu amefanya nini, siku gani, amesema maneno gani.

Katika mfano wetu kamera ina machache: jirani akisema "mdogo wako kahamia nyumba mpya", na simu ambayo haikuita kwa wiki tatu. Basi. Mara nyingi hatua hii inachukua dakika mbili na inashusha namba kabla hata ya maswali, kwa sababu mtu anaona jinsi karatasi ilivyo tupu ukilinganisha na kichwa.

Hatua ya 5: Ni kweli?

Andika ndiyo au hapana. Neno moja. Ukianza "ndiyo, ila…" umeanza kujitetea; weka nukta.

Kisha gawa ukurasa safu mbili: *yanayoiunga mkono* na *yasiyokubaliana nayo*. Anza na safu ya kwanza, na ijaze kwa haki. Watu wengi hukimbilia safu ya pili wakidhani ndiyo dawa, na ndani yao kunabaki sauti inayosema "lakini hukuyataja yale mengine". Ipe sauti hiyo nafasi yake yote kwanza, ikimaliza, inanyamaza.

Kipimo cha ushahidi ni hiki: mtu asiyewajua ninyi wawili angekubali kuwa hilo ni tukio? "Ananitazama kwa dharau" hakitoshi. "Mwezi uliopita nilimpigia mara mbili hakupokea wala hakupiga" kinatosha. Kila safu ijitahidi kufika vitu vitatu. Safu ya pili ikibaki tupu, tumia maswali haya: nani mwingine hakuambiwa? Lini alifanya kinyume cha hivi? Kuna maelezo gani mengine mawili yanayolingana na kilichonaswa na kamera? Rafiki yangu angeniletea kesi hii hii ningemwambia nini?

Kaka wetu anaandika upande wa kwanza: hakuambiwa, jirani alijua kabla yake, simu mbili hazikujibiwa. Upande wa pili: mtoto wa mdogo wake alipolazwa, wa kwanza kupigiwa simu alikuwa yeye, dada yao naye hakuambiwa kuhusu kuhama, jirani hakuambiwa bali alikuwa anapita akaona gari la mizigo. Hilo la mwisho alilijua tangu mwanzo. Jirani alilisema. Halikuingia kichwani kwa sababu sentensi ilikuwa imeshachukua kiti.

Sasa swali la pili: *Naweza kujua kwa hakika kabisa kwamba ni kweli?* Angalia hapa usijidanganye kwa kujibu "hapana" kwa sababu unajua ndilo jibu linalotarajiwa. Jibu likiwa ndiyo, liache ndiyo na uendelee. Hatua zinazofuata zinafanya kazi hata kwa wazo la kweli.

Hatua ya 6: Linanifanya nini?

Orodhesha kwa vitenzi, angalau sita. Ninapoliamini wazo hili, ninafanya nini? Mwili unafanya nini? Ninamtendea vipi mtu huyo? Ninajitendea vipi? Kipi siwezi kukifanya?

Watu huandika "nakosa amani" na kupita. Hicho si kitenzi cha kuonekana. Andika kama mtu anayekuchungulia dirishani: *nafungua simu yangu naangalia alipoonekana mtandaoni mara ya mwisho. Namjibu kwa neno moja. Nawahadithia wengine ili waseme nina haki. Natafuta mifano ya zamani. Siwezi kumpigia kumpongeza kwa nyumba mpya. Usiku nasaga meno.*

Soma orodha hiyo mara mbili. Mara kwa mara utakuta kwamba unachofanya ukiamini wazo ndicho kinachozalisha ushahidi wake. Anayeamini anadharauliwa anajibu kwa neno moja. Anayejibiwa kwa neno moja anaacha kupiga. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hatua ya 7: Bila sentensi hii

Funga macho nusu dakika. Rudisha tukio lilelile, jirani yuleyule, maneno yaleyale, ila sentensi "ananidharau" haijawahi kutungwa. Hujaambiwa uache kuamini, na wala huwezi kujiamuru hivyo, unatazama tu. Ungefanya nini baada ya jirani kusema? Ungesimamaje? Ungesema nini? Andika mistari mitatu.

Ukiona kitu chochote kama "ningecheka, ningempigia palepale, ningemwambia karibu nimchape", umepata. Ukiona weupe tu, usilazimishe. Pita.

Hatua ya 8: Geuza

Chukua sentensi na uigeuze kwa njia tatu. Kila upande mpya utafutie mifano mitatu ya kweli, midogo na yenye tarehe au mahali. Bila mifano, kugeuza ni mchezo wa maneno.

*Kinyume chake:* mdogo wangu ananiheshimu. Simu ya hospitali. Aliponiomba niwe shahidi kwenye mkataba wake. Haniiti kwa jina mbele ya watoto wake.

*Kwa mwingine:* mimi ninamdharau mdogo wangu. Hapa kalamu hukwama, na inafaa usubiri walau dakika mbili. Mara ya mwisho aliposema anatafuta nyumba, nilimjibu "wewe maneno tu, utahama lini?" Watu walicheka. Yeye alitabasamu akanyamaza. Mfano mmoja namna hiyo unazidi ukurasa mzima wa hoja, maana unafungua maelezo ambayo safu za ushahidi hazikuyafikia: huenda hakusema kwa sababu hakutaka kuchekwa tena.

*Kwangu mwenyewe:* ninajidharau. Mtu mmoja hakunipigia, na mimi mwenyewe ndiye niliyejishusha hadi "si kitu".

Mojawapo ikikosa mifano mitatu, iache. Si kila upande lazima uwe kweli. Na kuna mpaka hapa usiovukwa: kugeuza hakuhamishi hatia. Aliyeibiwa akigeuza "aliniibia" kuwa "nilimwibia" hajagundua lolote, amejitwika mzigo wa mwizi. Ndiyo maana tulikataa matukio katika hatua ya pili. Kwa mambo ya ukatili na unyanyasaji, hasa uliofanyiwa mtoto, hatua hii irukwe yote.

Hatua ya 9: Pima tena, andika sentensi mpya, fanya kitu kimoja

Rudi kwenye namba. Kushuka kutoka 85 hadi 45 ni kikao kizuri. Kushuka hadi 0 mara ya kwanza kunatia shaka. Huenda umejiridhisha haraka. Namba isiposhuka kabisa, sababu huwa moja kati ya tatu: sentensi haikuwa yenyewe, hisia ilikuwa bado moto, au wazo ni kweli na linadai hatua badala ya kuhojiwa.

Sentensi mpya iandikwe kwa maneno unayoyaamini angalau kwa 60. Hapa wengi hupaka sukari: "Mdogo wangu ananipenda sana na kila kitu ni shwari." Hicho ni kitu unachotaka kukiamini, na kesho asubuhi hakitasimama. Iliyo ya kweli huwa na uchungu kidogo: "Hakuniambia, na sijui sababu, inawezekana nimemfanya asipende kuniambia mambo yake."

Mwisho kitendo kimoja cha kufanywa ndani ya saa 48, kidogo kiasi kwamba huna kisingizio. Kaka anapiga simu: "Nasikia umehama, hongera. Nije lini kuiona?" Halafu ananyamaza asikilize. Haelezi karatasi yake, hatoi uchambuzi, haombi msamaha wa hotuba; hilo la kucheka litakuja likija. Akijibiwa kwa ubaridi, huo ni ushahidi mpya wa safu ya kwanza, nao unaandikwa kwa haki ileile.

Mawazo yenye ukaidi wake

*"Lazima" na "ingepaswa".* "Angepaswa kunishukuru." Haya hayapimiki kwa ushahidi kwa sababu yanaeleza ulimwengu unaoutaka. Anza na kamera: hakushukuru. Kisha uliza: ninapong'ang'ania kwamba angepaswa, ninapata nini na ninalipa nini? Hatua ya 6 ndiyo inayofanya kazi hapa.

*Mawazo ya kesho.* "Nitafukuzwa kazi." Yagawe: kipi kitatokea, kwa uwezekano gani kati ya 0 na 100, na kikitokea nitafanya nini siku ya kwanza na wiki ya kwanza. Woga hupungua zaidi kwa jibu la mwisho kuliko kwa kubishana na uwezekano.

*Wazo la kweli.* "Nilimkosea." Ukishahakikisha kwamba ni kweli, acha kuhoji. Andika nini kinarekebishika, nini hakirekebishiki, na umwendee mhusika.

*Mashaka yasiyoisha.* Kuna wasiwasi unaodai uhakika juu ya uhakika: nimefunga mlango? Nimemwambukiza? Mimi ni mtu mbaya? Ukiuhoji leo, kesho unarudi unadai karatasi nyingine. Mwenye hali hii uandishi unaweza kumgeukia kuwa njia nyingine ya kujihakikishia, na wasiwasi unanenepa. Dalili ni kuandika sentensi ileile zaidi ya mara tatu kwa wiki moja. Hapo acha na umwone mtaalamu. Kuna tiba yake mahususi, na inafundisha kinyume cha hiki, yaani kukaa na shaka bila kuijibu.

Mara ngapi

Vikao vitatu kwa wiki, kwa wiki nne. Kila siku ni nyingi: unaanza kujichunguza kama anayejipima joto kila saa. Mara moja kwa mwezi ni chache mno kuijua kazi.

Kama hukuzichana, wiki ya nne zitandaze karatasi zote mezani na usome sentensi za juu peke yake, bila yaliyo chini. Kwa kawaida kati ya kumi na mbili, saba au nane zitakuwa na kitenzi kimoja: kudharauliwa, kuachwa, kutumiwa, kuchelewa. Watu wanabadilika, kitenzi kinabaki. Kipigie mviringo. Kisha tazama ile mistari ya chini uliyoiandika pembeni wakati wa kuchimba, ile mipana uliyoambiwa usianze nayo, na uchague mmoja unaolingana na kitenzi hicho. Huo uupe kikao cha peke yake chenye muda zaidi, na katika safu ya kwanza usiandike kumbukumbu zote za maisha: andika tatu za zamani kuliko zote unazozikumbuka, kila moja na umri uliokuwa nao.